Maji Moto Kwenye Baridi ya Milimani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mfumo Usiokula Umeme

Mtu anayejenga Makete, Njombe au kwenye miinuko ya Mbeya hununua hita ileile inayouzwa Kariakoo, yenye maelezo yaleyale kwenye boksi. Juni ikifika, maji yanatoka vuguvugu na tokeni za LUKU zinaisha kabla ya mwezi, naye analaumu kiwanda. Mara nyingi kiwanda hakina kosa. Kifaa kilichaguliwa kwa mazingira ya maji yenye joto la pwani, kikafungwa mahali ambapo maji ya bomba alfajiri yanauma vidole.

Mwongozo huu ni wa nyumba za sehemu za baridi kali: nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, huanguka kati ya Juni na Agosti, na miinuko ya Kenya kama Kinangop na Limuru. Msimamo wangu ni kwamba usianze na duka. Anza na mambo mawili ya kwako: maji yanaingia nyumbani yakiwa na nyuzi ngapi, na anga lako likoje katika miezi ya baridi. Ukishayajua hayo, nusu ya vifaa vinavyouzwa vitajiondoa vyenyewe.

Hatua ya 1: Pima maji yako, kisha piga hesabu

Tafuta kipimajoto cha maji, hata kile cha wafugaji cha kupimia maziwa. Alfajiri ya siku ya baridi fungua koki, acha maji yatiririke dakika mbili ili yaliyolala kwenye bomba yatoke, kisha pima. Dar es Salaam maji ya tangini yanaweza kufika nyuzi 26 na zaidi. Juu milimani usishangae kukuta 12, au pungufu.

Sasa hesabu. Chukua lita unazotaka kupasha, zidisha kwa nyuzi unazotaka kupandisha, gawanya kwa 860. Jibu ni uniti za umeme. Ndoo ya lita 20 ya kuogea, kutoka nyuzi 12 hadi 40, ni 20 mara 28 gawanya kwa 860: uniti 0.65. Ndoo hiyohiyo kwa maji ya nyuzi 26 inataka uniti 0.33, yaani nusu. Hakuna ujanja wa kiwanda unaobadilisha hesabu hii. Kifaa kinaweza kupoteza joto kidogo au kingi, lakini joto linaloingia kwenye maji lazima litoke mahali.

Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, inahitaji uniti 6.5 kila siku, karibu 195 kwa mwezi. Wakioga kwa ndoo moja moja ni karibu 98. Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Kwenye kundi la D1 la TANESCO, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, uniti 75 za mwanzo za mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo 350. Maji ya kuoga peke yake yanaweza kukuvusha mstari huo hata kabla hujawasha taa. Kenya nako bei ya chini kabisa ni ya nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi, na kwa maji moto ya umeme hizo hazifiki hata wiki moja.

Pima pia kasi ya shawa yako: weka ndoo ya lita 10 chini yake, washa saa ya simu. Ikijaa kwa dakika moja, shawa yako inamwaga lita 10 kwa dakika, na mtu anayekaa chini yake dakika 10 ametumia lita 100. Kichwa cha shawa kinachotoa lita 5 au 6 kwa dakika kinapunguza matumizi karibu nusu, na bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya hita.

Hatua ya 2: Lisome anga lako

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa sola hawakuulizi, na ndilo linaloamua.

Njombe na Makete, miezi ya baridi kali ni miezi ya kiangazi. Usiku anga ni safi, ndiyo maana sakitu inaanguka: ardhi inatoa joto lake juu na hakuna wingu la kulizuia. Lakini anga hilohilo safi mchana linaleta jua kali. Kwa hiyo sola inafanya kazi vizuri katika miezi ileile unayoihitaji zaidi. Mawingu mengi huja wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wakati huo maji ya bomba si baridi sana.

Limuru na sehemu nyingi za Kenya ya kati mambo ni kinyume. Baridi ya Julai huja pamoja na mawingu mazito yanayoweza kulifunika jua kutwa, siku baada ya siku. Sakitu nayo huanguka zaidi kwenye kiangazi cha Januari na Februari. Huko sola bila msaada wa umeme itakuangusha Julai, hata iwe nzuri vipi. Si sababu ya kuiacha, ila bajeti ya umeme wa akiba iwekwe tangu mwanzo.

Andika kwa mwezi mzima wa baridi: jua linatoka saa ngapi, ukungu unaondoka saa ngapi, paa linapigwa na kivuli cha mti au mlima kuanzia saa ngapi. Bonde linaloona jua saa nne asubuhi na kulipoteza saa tisa alasiri ni tofauti kabisa na kilima kilicho mita 500 kutoka hapo.

Hatua ya 3: Zuia joto lisipotee, ndipo ununue kitu

Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 20 linabeba karibu lita 3 za maji. Kila ukifungua koki ya moto, lita hizo zilizopoa zinamwagika kwanza, na ukifunga, lita 3 nyingine za moto zinabaki ndani zipoe. Kwa nyumba ambayo bado iko kwenye ramani, mwambie mchoraji aweke bafu na jiko ukuta mmoja, na tangi la maji moto juu yao au nyuma yao. Uamuzi huu ni bure, na ukishapita haurudi.

Kila bomba la moto livikwe sponji ya bomba, na lililo nje lifungwe juu yake kitu cha kuzuia jua na mvua, maana sponji tupu ikipigwa na jua la milimani huchakaa upesi. Maji ya baridi pia: bomba lake lizikwe, lisipite juu ya ukuta wa nje bila kufunikwa. Njombe kuna viwanda vya mbao kila upande, na pumba za mbao kavu ndani ya boksi lisiloingiza maji ni kinga nzuri ya tangi. Zikilowa hazina kazi tena, kwa hiyo boksi lisivuje.

Tangi la umeme likae ndani ya nyumba, si kwenye ukuta wa nje. Joto linalovuja linakuwa faida ya nyumba badala ya kwenda kwa upepo.

Hatua ya 4: Chagua chanzo cha joto

*Shawa ya umeme ya papo kwa papo.* Ni rahisi kununua na haipotezi joto la tangi, maana inapasha maji unayotumia tu. Tatizo lake milimani ni nguvu. Shawa ya wati 5,500 ikipokea maji ya nyuzi 26 inaweza kutoa zaidi ya lita 5 kwa dakika za nyuzi 40. Ikipokea ya nyuzi 12 inatoa lita 2.8 tu. Ndiyo maana shawa iliyokuridhisha Morogoro inatoa uzi wa maji Makete. Kisha ongeza tatizo la umeme mdogo mwishoni mwa laini: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya hita hushuka kwa karibu robo nzima, kwa sababu inafuata mraba wa volti. Mwombe fundi umeme apime volti saa moja jioni, wakati kijiji kizima kimewasha. Zikiwa chini ya 200, sahau shawa ya papo kwa papo.

Ukiichagua, iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita 4 za mraba au 6 kama ni mbali, sakiti breka yake, waya wa ethi uliopimwa kweli, na breka ya kukata umeme unapovuja ya miliampia 30. Hapa maji, umeme na mtu aliye uchi vinakutana. Usikubali fundi akuambie ethi si lazima.

*Tangi la umeme.* Tangi la lita 50 lenye hita ya wati 2,000 linafaa pale volti zinapoyumba, kwa sababu haliharakishi: likichelewa, linachelewa tu. Kutoka nyuzi 12 hadi 60 linahitaji uniti 2.8, yaani saa moja na nusu hivi. Lita hizo 50 za nyuzi 60 ukizichanganya na baridi zinakupa lita 85 za kuogea, ndoo nne na ushei. Weka saa ya kuwashia yenyewe ili liwashe kabla ya muda wa kuoga, si kutwa nzima. Lisishushwe chini ya nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa lejionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama.

*Sola ya maji moto.* Kwa nyanda za juu za Tanzania, hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa nyumba ya familia, nikiwa na uhakika kwamba limekingwa na sakitu. Kwa makadirio ya kawaida, mita za mraba 2 za kikusanya joto (bamba au mirija ya paani inayopokea jua), siku ya jua zuri, huingiza uniti 5 za joto, zinazotosha kupandisha lita 100 kutoka nyuzi 12 hadi 55. Familia ya watu watano iangalie tangi la lita 200 na mita za mraba 3 au 4. Kuhusu mwelekeo: Njombe iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na mchana wa Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 33 hivi kutoka utosini. Elekeza kaskazini, mwinamo wa nyuzi 25 hadi 35. Ukilalia mwinamo mdogo, utapata maji ya moto kupindukia Desemba na vuguvugu Juni. Kinangop, karibu na ikweta, baridi huja jua likiwa pande zote mbili kwa zamu, kwa hiyo nyuzi 15 zinatosha.

*Pampu joto.* Inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inanyonya joto la hewa na kulisukuma ndani ya maji. Kwenye hewa ya nyuzi 10 hadi 15, nzuri yake hutoa uniti mbili na nusu hadi tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme. Alfajiri ya sakitu uwezo huo hushuka, na mashine hutumia umeme mwingine kuyeyusha barafu iliyoganda juu yake, kwa hiyo iwekewe saa ya kufanya kazi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, hewa ikiwa na joto. Bei yake ni kubwa na inahitaji fundi wa majokofu anayejua kazi. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi naishauri bila wasiwasi. Kwa familia ya watu wanne yenye paa linaloona jua, bado naona sola inashinda.

*Kuni.* Ambako mabanzi ya mipaina na kuni za miwati zinapatikana kwa bei ndogo, jiko la kuni lenye koili ya maji nyuma ya moto linapika ugali na kupasha maji kwa moto mmoja. Kuni ziwe kavu, zilizokaa chini ya paa miezi kadhaa, la sivyo sehemu kubwa ya moto inaishia kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni zenyewe. Sharti moja halina mjadala: mfumo uwe na bomba la kupumulia lililo wazi juu ya tangi, na pasiwe na koki yoyote kati ya koili na bomba hilo. Koili iliyofungwa pande zote mbili juu ya moto ni bomu. Mita za kwanza za bomba kutoka kwenye moto ziwe za chuma, si PPR, yaani bomba la plastiki.

*Gesi.* Hita ya gesi ya papo kwa papo ina nguvu kuliko shawa ya umeme. Lakini gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa butani na propani, na butani haigeuki kuwa hewa ikifika karibu na nyuzi 0. Mtungi uliolala nje kwenye sakitu unaweza kukosa nguvu asubuhi huku bado ukiwa mzito. Hita yenyewe isifungwe ndani ya bafu kabisa. Sehemu za baridi watu hufunga madirisha, na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu. Onyo hilo linahusu pia jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kupasha maji na chumba kwa pamoja. Linaua watu usingizini.

Hatua ya 5: Ikinge sola na sakitu

Watu hudhani maji hayagandi mpaka hewa ifike nyuzi 0. Kikusanya joto bapa kilicholala wazi chini ya anga safi hutoa joto lake juu usiku kucha na kushuka chini ya hewa inayokizunguka, kwa hiyo kinaweza kuganda wakati kipimajoto cha barazani kinasoma 3 au 4. Maji yakiganda yanatanuka, na mabomba membamba ya shaba ndani yake yanapasuka. Unagundua saa nne asubuhi, barafu ikiyeyuka, maji yakitiririka paani.

Kwa hiyo sola bapa inayopitisha maji ya kuoga moja kwa moja haifai Makete. Zinazofaa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mirija ya kioo yenye ombwe: ombwe hilo huzuia joto lisitoke, na maji ndani ya mirija hayagandi kirahisi. Ya pili ni sola bapa yenye kizunguko chake cha ndani kilichojazwa glaikoli, dawa inayozuia maji yasigande, ambayo hupasha maji ya tangi bila kuchanganyika nayo, kama wanavyofanya Austria na Uswisi, kwenye baridi kuliko yetu. Glaikoli iwe ya propilini. Dawa ya rejeta ya gari huwa ni ya ethilini, ambayo ni sumu, na siku koili ikitoboka itaingia kwenye maji ya kupikia. Fundi akija na galoni la dukani kwa spea za magari, mrudishe nalo.

Mirija nayo ina udhaifu wake, na haumo kwenye mirija. Kinachoganda ni bomba jembamba la kuingiza maji baridi, tangi dogo lenye boya, na kile kibomba cha kupumulia juu ya tangi. Kibomba hicho kikizibwa na barafu, tangi linaweza kupasuka maji yakichemka, au kunywea maji yakivutwa kutoka. Panda ngazi ukiangalie: kiwe kipana, kifupi, kimevikwa sponji, na mdomo wake uangalie chini.

Jambo lingine la mirija ni maji yanapokatika. Tangi likikauka asubuhi na jua likapiga, mirija tupu hupata joto kali sana. Maji baridi yakirudi mchana na kuingia humo, kioo kinapasuka. Weka koki ya kufungia njia ya sola, na ujaze jioni au alfajiri tu. Watoto na dada wa nyumbani waonyeshwe koki hiyo, maana maji hurudi wakati wewe haupo.

Hatua ya 6: Valvu ambazo hazitolewi kwenye bei

Mfumo wowote wa tangi lenye presha uwe na valvu ya usalama, na bomba lake la kumwagia lielekezwe mahali salama, lisizibwe kamwe hata likidondosha matone. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi. Sola iwe na valvu ya kuchanganyia inayotoa maji yasiyozidi nyuzi 50 kwenye bafu, kwa kuwa siku ya jua kali maji ya tangini yanaweza kupita 80. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto haraka zaidi.

Ndani ya tangi nyingi za chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikaguliwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Angalia pia birika lako: likiwa na ukoko mweupe, hita nayo inajenga ukoko huo, na itabidi isafishwe.

Hatua ya 7: Namna ya kumlipa fundi

Dai orodha iliyoandikwa: ukubwa wa tangi, mita za mraba za kikusanya joto, aina ya kinga ya sakitu, unene wa waya, valvu zote, na nani atalipia mirija ikipasuka mwaka wa kwanza. Anayesema "haya yote yako ndani, usijali" aandike hivyohivyo na kusaini.

Zuia sehemu ya mwisho ya malipo mpaka mfumo upite usiku mmoja wa baridi kali. Asubuhi yake, kabla jua halijapiga paa, pima joto la maji ya tangi kwenye koki, linganisha na ulilopima jioni. Likishuka nyuzi 5 au 6, tangi linahifadhi joto vizuri. Likishuka 20, ama sponji haijafungwa, ama maji moto yanarudi kinyumenyume usiku kupitia bomba la baridi kwa sababu valvu ya kuzuia imesahaulika. Zima umeme wa akiba wakati wa kipimo hiki, la sivyo hita itaficha kosa na LUKU yako ndiyo itakayolipa. Fundi arekebishe, mpime tena usiku unaofuata, ndipo ummalizie hela yake.